Picha ya Fremu Kwenye Buti la Basi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Misimu ya kipaimara, send-off na mahafali ikifika, picha za fremu huanza kusafiri. Zinatoka Moshi na Arusha kwenda kwa shangazi aliyeko Dar, kwa mtoto aliyeko Dodoma, nyingine mpaka Ulaya. Inauma sana mtu kufungua zawadi mbele ya wageni akakuta kioo kimepasuka na uso wa marehemu babu umechanwa. Mara nyingi shida hiyo ilianzia nyumbani, kabla boksi halijafika stendi.

“Nimeandika ‘KIOO’, wataangalia.” Andika, tena kwa herufi kubwa, kila upande, pamoja na mshale wa kuonyesha juu. Ila alfajiri, buti likijazwa magunia, mikungu ya ndizi na mabegi, boksi lako litaingia palipobaki. Funga mzigo kama vile hakuna atakayesoma maandishi hayo.

“Ilaze, ndivyo haitaanguka.” Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kioo cha fremu ya kawaida ni chembamba, aghalabu milimita 2 tu. Kikilala, uzito wake na wa kila kitu kilichopangwa juu hukikandamiza katikati, na kila tuta la barabarani huongeza mkandamizo. Kikisimama, uzito unashukia kwenye ukingo, na hapo kinahimili zaidi. Wauza vioo wanalijua hilo, na ndiyo maana vioo vyao husafiri vimesimama hata kwenye pikapu. Ukiwa na picha mbili, zielekezane nyuso na katikati weka kadibodi ngumu, ili waya na misumari ya mgongoni isikwaruze kioo cha mwenzake.

“Selotepu ya alama ya X inazuia kioo kupasuka.” Haizuii. Inachofanya ni kushikilia vipande kioo kikishapasuka, visikate picha, na mistari miwili haitoshi kwa kazi hiyo. Tumia utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, upange mistari karibu karibu juu ya kioo chote. Utepe usiguse ubao wa fremu, unabandua rangi. Kama “kioo” chenyewe ni cha plastiki, acha kabisa: hakitoi vipande vikali, na gundi inaweza kukiharibu.

“Nailoni ya vipovu inafaa kwa kila picha.” Kwa picha yenye kioo, inafaa sana. Kwa mchoro usio na kioo inahitaji tahadhari, na hapa Arusha michoro ya Tingatinga inayouzwa kwa wageni mingi ni ya namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji huu Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kung’aa juu ya hadibodi, na wachoraji wengi wamefuata rangi hiyo. Huweza kukauka juu huku chini ikiwa bado laini. Mchoro mpya ukibanwa na vipovu ndani ya buti lenye joto, unaweza kufika una alama za duara uso mzima, na alama hizo hazifutiki. Muulize mchoraji aliumaliza lini. Tanguliza karatasi laini isiyo na maandishi, ya kuokea keki inafaa, ndipo uzungushe nailoni, vipovu vikitazama nje.

Gazeti nalo lisiguse picha wala fremu nyeupe, wino wake unahama.

“Boksi likibana ndiyo salama.” Boksi likigusana na fremu, kila pigo la nje linaingia moja kwa moja, na kona ndizo huumia kwanza kwa sababu mzigo ukidondoka hutua kwa kona. Kunja kadibodi utengeneze kofia nne, uzivishe kona zote, kisha acha kama sentimita 5 kila upande na uzijaze sponji au karatasi zilizofinyangwa kwa nguvu. Litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua ujaze tena. Wakati wa masika ongeza mfuko wa nailoni ndani ya boksi, maana kadibodi ikilowa haina nguvu tena.

“Kreti la mbao ndilo bora kwa kwenda nje.” Ni imara, lakini mbao ghafi zinazofungashia mizigo ya kimataifa zinaangukia kwenye ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao wasivuke mipaka: zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na kugongwa muhuri. Kreti la fundi wa mtaani lisilo na muhuri linaweza kukataliwa bandarini. Plaiwudi haimo katika sharti hilo, kwa hiyo mwambie fundi atumie hiyo kote, hata kwenye vipande vya kuimarisha.

“Ni zawadi, haina kodi.” Neno zawadi halifuti kodi. Uingereza, kwa mfano, hutoza VAT zawadi yenye thamani inayozidi pauni 39. Jaza thamani ya kweli kwenye fomu ya forodha, kwani ukiiandika ndogo hata fidia utakayodai itakuwa ndogo. Maofisa wanaweza pia kufungua mzigo, kwa hiyo usiizungushie picha karatasi ya zawadi ukitegemea itafika haijachanwa. Karatasi hiyo ikunje, uilaze nyuma ya fremu pamoja na utepe wake, halafu mpigie simu ndugu wa huko aifunge zawadi mwenyewe kabla ya kumkabidhi mhusika.