Pesa za afya zinapokwama: yasemwayo Kisumu na Nakuru, na ukweli wake

Dhana: Dawa zikikosekana hospitalini, gavana amekula.

Ukweli: Pengine amekula, hilo tumwachie mkaguzi. Lakini mara nyingine pesa zenyewe hazijafika. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, ikiwemo ile ya Nakuru ambayo wengi bado wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, jina la zamani. Serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za kitaifa za rufaa. Duka la mmoja, ufunguo kwa mwingine. Ili mgao utoke, Bunge la Kitaifa na Seneti sharti zipitishe Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaogawanya mapato kati ya serikali kuu na kaunti, kisha ule unaogawia kaunti 47 fungu la kila moja. Wa kwanza ukikwama, wa pili haujongei.

Dhana: Mabunge hayo mawili yakivutana kuhusu mgao, maridhiano ni kukutana katikati.

Ukweli: Hesabu inakataa. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikang'ang'ania 335. Katikati ni 322.5; walitoka na 316.5. Mwaka 2025 ikawa takriban 405 dhidi ya 465, na mwafaka ukawa 415, wala si 435.

Mbona mizani huinama upande uleule? Mabunge yakikosana, kamati ya upatanishi huundwa, wajumbe sawa kwa sawa, na ina siku 30. Isipoelewana, mswada unaanguka. Kwa karatasi pande zote ni sawa. Ila mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mwaka ule wa 2019 wabunge walipitisha bajeti ya wizara huku mgao wa kaunti ukiwa bado unavutaniwa hadi Septemba. Wizara zilikuwa na fungu lao. Kaunti zilikuwa na wahudumu wa kulipa na maduka ya dawa yanayokauka. Asiyeweza kungoja ndiye hulegeza kamba.

Dhana: SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, imemwongezea kila mtu makato.

Ukweli: Inategemea payslipu. Mwenye mshahara wa 20,000 alikatwa 750 na NHIF. Kwa asilimia 2.75 sasa anakatwa 550. Wa 100,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na hakuna kikomo tena. Anayebanwa kwa namna nyingine ni fundi wa jua kali au muuza samaki wa soko la Kibuye. Chini ya NHIF alilipa 500 kila mwezi. Sasa hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: kiwango cha chini ni 300 mara 12, yaani 3,600.

Dhana: Nikishajisajili SHA, nimelipiwa kote.

Ukweli: Usajili kwa *147# unatosha zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambako mfuko wa afya ya msingi hutegemea serikali. Ukipewa rufaa kutoka zahanati ya Nyalenda hadi Russia, kama Wakisumu wanavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, umevuka mpaka: huko mfuko mwingine ndio hulipa, na huangalia kwanza kama umetoa mchango wako. Ulipe kabla ya kuugua, si pale kwenye dirisha la kulazwa.