Kudhaminiwa Kanada si kuhamia nyumbani kwa mdhamini

Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya) utasikia kwamba mkimbizi anayedhaminiwa na raia wa Kanada lazima akae kwa mdhamini mwaka mzima. Si kweli. Kikundi cha watu watano au zaidi huahidi kugharamia makazi, chakula na mavazi, kwa kawaida miezi 12. Mgeni huingia akiwa mkaazi wa kudumu, huru kuishi atakako, ila akitaka kuhama mji azungumze nao kwanza, maana msaada unaweza kukatika.

Chumba kwa mdhamini kinafaa wiki za mwanzo. Kazi ni kupata nyumba ya kupanga: mgeni hana rekodi ya mikopo wala barua ya mwajiri, na mwenye nyumba husita. Hapo wadhamini huandika barua ya ahadi ya fedha au husaini kwamba watalipa kodi ya nyumba mgeni akishindwa. Katika jimbo la Ontario, amana haipaswi kuzidi kodi ya mwezi wa mwisho. Ya uharibifu hairuhusiwi. Jina la mgeni liwemo kwenye mkataba, asije akabaki bila ushahidi wa upangaji. Wadhamini wakarimu hukosea hapa: huchagua nyumba nzuri ambayo familia haitaimudu mwezi wa 13.