Okidi sio mchicha: ninavyozilea hapa Mikindani

Juzi kaja mama mmoja kutoka Shangani ya hapa Mtwara, mkononi kopo zuri la udongo limefungwa utepe, ndani ua la okidi aliloletewa na mwanae toka Dar, majani yamelegea kama masikio ya mbuzi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya kulikoni. "Bwana maua, hii kitu inakufa na mi naimwagilia kila siku asubuhi na jioni, sijaacha hata siku moja." Nikaing'oa palepale mezani. Mizizi yote kahawia, ukiibana kwa vidole inatoa maji inabaki uzi tu, na harufu kama maji ya mihogo iliyolowekwa siku tatu. Mama wa watu alikuwa anaizamisha kwa mapenzi yake yote, nusu ya okidi zinazoletwa kitaluni kwangu zimepita njia hiyohiyo.

Sasa kabla sijasema aina wala mbolea naomba uangalie mzizi kwanza, maana ukiuelewa mzizi hayo mengine unayapata mwenyewe. Mzizi mzima wa okidi ya juu ya mti kwa nje ni mweupe wa kung'aa kama sufuria mpya, ile ngozi nyeupe ni kama sponji imejaa hewa. Dondoshea tone moja la maji uone, hapohapo pale lilipodondoka panageuka kijani, kwa sababu sponji ikinywa maji inakuwa kama kioo na unaona kijani kilichojificha chini yake. Maji yakikauka unarudi mweupe. Basi saa yako ya kumwagilia ndo hiyo, mizizi ikiwa kijani iache, ikiwa myeupe mpe maji, sihitaji kukutajia Jumatatu na Alhamisi. Huo mzizi umezoea mvua ipite kisha upepo uukaushe, ukiufukia kwenye udongo wa bustani uliolowa hauna pa kupumulia, unaoza, na mmea usio na mizizi unalegea majani, we unadhani una kiu unaongeza maji tena.

Na hizi sio za Wazungu kama watu wanavyodhani. Dunia nzima zipo zaidi ya aina 25,000 na huku kusini kwetu zimo. Jirani yangu anaziita kupe, anasema zinanyonya mwembe wake, nimebishana nae mpaka nimechoka, haziunyonyi chochote, zimepanda tu kama abiria juu ya lori. Ninayoipenda mimi ni ile wenye vitabu wanaita Ansellia africana, hapa kitaluni tunaiita okidi chui, fimbo nene kama kidole gumba, maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Ina akili ya ajabu, baadhi ya mizizi yake inasimama juu kama sindano mpaka inatengeneza kikapu, majani makavu yanadondokea humo yanaoza taratibu, yaani inajitengenezea mboji yenyewe huko juu. Hiyo inataka jua la kutosha, kivulini itakupa majani tu. Ipo Acampe, majani magumu kama ngozi ya kiatu na maua madogo ya njano yenye michirizi myekundu. Halafu zipo Microcoelia, hizi hazina majani kabisa, ni fungu la mizizi tu imening'inia kwenye tawi, ile mizizi ndo inafanya kazi ya majani, ukipita chini yake hutajua kama ni mmea. Nyingine zenye maua meupe, za ukoo wa Aerangis, mchana hazinuki, usiku zinanukia kama harusini, zinawaita nondo.

Ila tafadhali msiende kuzibandua misituni, Rondo wala kwingine. Okidi zote ziko kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hata bila mkataba, ukiibandua kwa panga mizizi inakatika na ndani ya miezi michache unabaki na kuni. Mimi nachukua ya tawi lililoanguka tu.

Za kununua, inayotoka Dar mara nyingi ni falenopsi, ya maua kama vipepeo. Asili yake Asia ya kusini mashariki, joto letu inaliweza ila jua kali hapana, weka veranda ya mashariki ipate jua la asubuhi. Haina vibuyu vya kutunzia maji pale chini kwa hiyo usiisahau wiki tatu. Maua yakidondoka watu wanatupa wanajua imekufa, jamani imepumzika tu, inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi ndo itoe kikonyo kipya, na sisi hapa ubaridi wenyewe ni ule wa Juni mpaka Agosti kusi ikivuma, kwa hiyo wakati huo usiifungie ndani. Dendrobi zina vibuyu virefu, zinavumilia ukavu na jua zaidi, kwa anayeanza nampa hiyo. Vanda ndo inapingana na maneno yangu ya mwanzo, yenyewe inaning'inia mizizi uchi hewani, inakauka saa hiyohiyo, kwa hiyo kiangazi namwagilia kila asubuhi. Simbidi usinunue. Inataka usiku wa baridi kweli, waachie watu wa Makete na Lushoto.

Cha kupandia: makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande kama vya nyama ya mishikaki, uchanganye na mkaa. Kopo litobolewe chini na pembeni, au tumia kifuu cha nazi ukitoboe kwa msumari wa moto. Hapa nikiri kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipata makumbi ya bure yaliyokuwa yamefukiwa ufukweni, nikafurahi nikapandia tisa mara moja, wiki ya pili ncha zote za mizizi nyeusi kama zimechomwa na pasi. Chumvi. Siku hizi naloweka siku nne nabadilisha maji kila siku ndo natumia, na maji ya kisima chetu yana chumvi pia, kwa hiyo kila nyumba yenye bati hapa kwangu ina mtaro na pipa, maji ya mvua ya Desemba mpaka Aprili nayatunza kama dhahabu. Mwagilia asubuhi, na maji yasikae katikati ya majani ya falenopsi, kiini kinaoza. Mbolea ya NPK ya maji natia robo ya kipimo cha kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi napitisha maji matupu kuosha.

Wadudu ni vidung'ata, wale kama pamba kwenye kikwapa cha jani, wafute na kitambaa chenye maji ya sabuni. Masika kuna konokono, toka na tochi usiku uwaokote. Na usije ukachukua salfa iliyobaki ya mikorosho ukaipulizia okidi mchana wa jua, korosho na ubwiri unga wake, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ni habari nyingine, salfa kwenye joto inaunguza majani.

Wanaoniuliza vanila, ndio, na yenyewe ni okidi, ila ua lake linafunguka asubuhi moja tu na lazima ulichavushe kwa mkono, njia aliyoionyesha Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kule Réunion mwaka 1841. Ganda linakaa miezi kama nane au tisa mpaka likomae. Ukisikia mtu anakwambia ni hela ya haraka, kaa mbali.

Turudi kwa mama wa Shangani. Nilikata mizizi iliyooza yote kwa wembe niliopitisha kwenye moto, ikabaki miwili tu, nikapaka mdalasini wa pilau kwenye vidonda, nikaiacha uchi siku nzima kivulini ikauke, kisha nikaiweka kwenye kifuu chenye mkaa. Nikamwambia mama sasa utaimwagilia mizizi ikiwa myeupe tu. Akaniangalia. "Na hizo siku zingine nifanye nini nayo mwanangu?" Iangalie tu mama. Jana kanitumia picha Watsapu, ncha moja ya kijani imechungulia pembeni ya kifuu, na nyuma yake naona ndoo na kikombe, sijui vya nini.