Waya ghali wa USB hauongezi besi kwenye DAC

Hapa Mombasa wengi wanaoskiza taarab kwa kompyuta wanaamini ukiunganisha laptopu na DAC, kile kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti, kwa waya wa USB wa bei kali, besi inazidi na sauti inakuwa tamu. Imani yenyewe inaeleweka, mana kwa waya wa spika unene kweli una maana. Lakini kwenye USB zinapita namba tu, DAC ndo inazigeuza kuwa sauti, na muziki wa ubora wa CD unahitaji kama megabiti 1.4 kwa sekunde wakati USB 2.0 ina nafasi ya 480, kwa hivyo waya wa kawaida ulio mzima unatosha kabisa. Waya mbovu haupunguzi besi, utaskia muziki unakatika ama unapiga tik tik. Kelele za umeme hizo ni za kweli, ukiskia mngurumo chomoa chaja ya laptopu uone kama utaisha. Na pwani hii chumvi inakula vichwa vya waya jamani, angalia kutu kabla hujanunua mpya.

Ukitaka kuhakikisha, mwambie mwenzio abadilishe nyaya bila wewe kuona, volyumu isiguswe, useme ni upi unaocheza, mrudie mara nyingi mkiandika, ukipatia kama nusu tu basi ulikuwa unabahatisha.