Mafuta ya breki huzeeka hata kikopo kikiwa kimejaa

Mzee mmoja alileta gari kwenye gereji yetu hapa Morogoro akiwa bado hajatulia. Alipokuwa akishuka mteremko wa Kitonga akitokea Iringa, gari likiwa na abiria na mizigo na yeye akikanyaga breki karibu kila kona, pedali ililainika taratibu hadi ikagusa sakafu. Alijiokoa kwa gia nzito na breki ya mkono, akaegesha pembeni kwa muda, na alipokanyaga tena akakuta breki zimerudi kama hazijawahi kuugua. Swali lake lilikuwa moja: mbona kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa hadi alama ya juu?

Kikopo huonyesha wingi wa mafuta, hakionyeshi hali yake. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hupenya kidogo kidogo kupitia kifuniko na hata kupitia paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishakuwa na maji ya takriban asilimia 3.7, kinaruhusu yachemke kuanzia nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Katika mteremko mrefu joto la diski na pedi hupita kwenye pistoni zinazosukuma pedi na kuyafikia mafuta, nayo yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayashindiliki, mvuke hushindilika, kwa hiyo nguvu yote ya mguu huishia kwenye mapovu. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali hukakamaa tena, na hapo ndipo madereva wengi hujidanganya kwamba tatizo limekwisha.

Nilifungua nipeli, yaani kijiskrubu cha kutolea mafuta na hewa, ya gurudumu la mbele na kuyatoa mafuta kidogo kwenye mrija angavu. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakiwa na vijipunje vyeusi, ilhali yale ya kwenye kikopo yalikuwa manjano safi kwa sababu mtu alikuwa akiongezea tu. Hata hivyo rangi si kipimo cha maji, kwani mafuta yanaweza kupendeza machoni yakawa yamelowa. Ndiyo sababu mimi hubadilisha kila baada ya miaka miwili bila kubishana na rangi. Kuongezea nako kuna mtego wake. Pedi zinapolika, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka kwenye kikopo, kwa hiyo kabla ya kumimina chochote kagua pedi na utafute mvujo.

Klachi ya haidroliki hutumia mafuta yayo hayo, na katika baadhi ya magari huchota kwenye kikopo kimoja na breki. Huwa inasahaulika, ingawa mafuta yake nayo huchafuka, kwa kuwa njia inaishia kwenye slevu silinda, ile inayosukuma klachi kule kwenye gia boksi, na hakuna mzunguko wa kuyasafisha. Gia ya rivasi ikianza kukwaruza au pedali ikichelewa kurudi, anzia hapo. Nimeona gia boksi ikishushwa na klachi pleti mpya ikinunuliwa, kumbe tatizo lilikuwa sili, mpira wa kuzuia mvujo, ya bei ndogo.

Gari la yule mzee nililifyonza kikopo kwanza, nikajaza DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, kisha nikaanza na gurudumu la nyuma kushoto, ambalo kwa gari la usukani wa kulia kwa kawaida ndilo lililo mbali zaidi na master silinda, ile ambayo pedali huisukuma ili kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Kijana wangu alikaa kwenye usukani: “Kanyaga. Shikilia.” Nikalegeza nipeli, mafuta yakatoka, nikakaza. “Achia.” Chini ya pedali tuliweka kipande cha mbao, maana katika gari la zamani sehemu ya ndani kabisa ya master silinda ambayo sili hazijazoea kuifikia huwa na kutu, na pedali ikizamishwa hadi mwisho kutu hiyo huzikwangua. Muda wote nilikiangalia kikopo kisikauke, kwa sababu kikikauka hewa huingia na kazi ya kutoa upepo huanza upya. Klachi tuliimalizia mwisho. Mafuta yake yalitoka meusi kama wino.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni kukuta oili ya injini au mafuta ya power steering kwenye kikopo hiki. Mipira ya breki huvimba, na hapo kusafisha hakutoshi tena. Kila sili iliyoguswa hubadilishwa.

Chupa ilibaki na robo hivi, na mzee akaomba aondoke nayo ili awe akiongezea njiani. Nilimwomba radhi nikaibakiza gereji, tukaitumia kesho yake kwenye gari lingine, kwa kuwa chupa iliyokwisha kufunguliwa huwa imeshaanza kunywa unyevu.