"Nayaweza mambo yote" si mstari wa ushindi

Mstari huu huandikwa kwenye jezi, kwenye picha za mahafali, hata kwenye vioo vya magari: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" (Wafilipi 4:13). Wengi huusoma kama ahadi: amini, nawe utapata alichopata mwenzako.

Ukirudi nyuma mistari miwili tu, unakuta habari nyingine. Mtume Paulo anawaandikia Wakristo wa Filipi akiwa kifungoni. Waraka wenyewe unavitaja vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito, kisha anafafanua kwamba hasemi hivyo kwa sababu ya uhitaji, "maana nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo". Amezoea kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo "mambo yote" anayoyaweza.

Neno alilotumia kwa "radhi", kwa Kigiriki autarkes, lilikuwa maarufu kwa wanafalsafa Wastoa. Kwao lilimaanisha mtu anayejitosheleza mwenyewe. Paulo analichukua, ila nguvu anaitaja kuwa ya mwingine.

Halafu kuna lile "nimejifunza". (Kwangu ndilo neno zito kuliko yote hapo.) Kuridhika hakukumjia kwa kuzaliwa nako, wala siku moja ya maombi. Na hakukuwa uvivu: mtu huyohuyo, sura moja nyuma, anasema anakaza mwendo.