Kupima samaki si kupima mlaji

Majibu ya maabara kuhusu zebaki kwenye samaki wa Ziwa Victoria husomwa kwa namna mbili. Wakizidi kikomo, inasemwa watu wa Mwanza wanakula sumu. Wasipozidi, inasemwa hakuna shida. Namna zote mbili zimeruka mlaji.

Kukadiria sumu inayoingia mwilini kwa chakula ni hesabu fupi: kiasi kilichomo kwenye chakula, mara uzito wa chakula kinacholiwa, gawanya kwa uzito wa mlaji. Jumlisha vyakula vyote vyenye sumu hiyo, kisha linganisha na kiasi kinachovumilika. Kwa methili-zebaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya zebaki iliyomo kwenye nyama ya samaki, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, iliweka mwaka 2003 mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki.

Kikomo kilichozoeleka cha samaki, miligramu 0.5 kwa kilo, ni kitu kingine kabisa. Hicho huamua mzigo upite au uzuiwe. Hakijui nani anakula, wala mara ngapi.

Tuseme sangara ana miligramu 0.1 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 akila gramu 750 kwa wiki, anapata mikrogramu 75, yaani 1.25 kwa kila kilo ya mwili, yuko chini. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 300 za sangara huyohuyo, anapata 30, yaani 2. Samaki amefaulu, mtoto amepitiliza! Sasa chukua samaki wa 0.6, ambaye angezuiwa: mtu mzima yuleyule akila gramu 150 zake mara moja kwa mwezi, hafiki hata 0.4 kwa wiki.

Panapoharibika zaidi ni kwenye uzito unaoliwa. Ukiuliza Igogo au Kirumba, mitaa ya Mwanza, hakuna anayekutajia gramu. Utaambiwa fungu, kopo, sado. Basi kopo hilohilo lijazwe, liwekwe kwenye mizani. Kwa dagaa, kosa huwa kubwa: kilo nne hivi za wabichi zikikauka hubaki kilo moja, kwa hiyo namba ya maabara hupanda kwa sababu maji yametoka, si kwa sababu zebaki imeongezeka. Ukizidisha namba ya dagaa wakavu kwa uzito wa waliokwisha kulowekwa na kupikwa, unamtwika mlaji mzigo usio wake. Kwa mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, toa uzito wa mifupa inayotupwa, na sampuli itoke kwenye nyama iliyobaki mgongoni na kichwani, isiwe minofu ya kiwandani.

Na maabara ikiandika "haikuonekana", hiyo si sifuri. Hesabu hufanywa mara mbili, kwa sifuri na kwa kiwango cha chini kabisa ambacho kifaa kinaweza kukiona, na zote mbili huandikwa.

Kwa hiyo ripoti ikisema samaki wako chini ya kikomo, naomba isomwe hivyohivyo, bila kuongeza neno. Kama mjamzito wa Ukerewe anayekula samaki kila siku yuko chini ya 1.6, hilo halijaulizwa bado.